Wekundu Tuliousifia

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na limeegemea ukuta wa duka la Fundi, yule wa redio. Mimi ndiye mwenye birika. Wananiita Shangazi, wote, hata walionizidi umri, na nimewazoea kama mtu anavyozoea mbu. Ukija kuanzia saa tisa alasiri kuna wawili hutawakosa: Spana, anayetengeneza baiskeli na kukoroga sukari kwa bisibisi, na Gazeti, ambaye hajawahi kuandika gazeti wala kuliuza, ila hakuna jambo duniani ambalo hakulisoma mahali. Wakianza kubishana kahawa inapoa vikombeni, halafu wananilaumu mimi. Wiki hiyo ninayoisema Fundi alikwenda msibani kwa wakwe zake, akamwachia Spana ufunguo wa duka. Nilimwambia palepale kwamba ufunguo huo bora angenipa mimi. Hakunisikia.

Sasa, ndani ya duka kulikuwa na amplifaya ya Mzee Solo, kile chombo cha kukuzia sauti ya gitaa. Mzee Solo alikuwa mpiga gitaa, na alipiga gitaa hadi watu wakasahau jina alilopewa na mama yake. Miezi minane nyuma kiharusi kilimwangusha. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yote yakamtoka mdomoni likabaki moja tu: kesho. Akisikia njaa, kesho. Akiumwa, kesho. Ukimsalimia, kesho. Mkewe tunamwita Mama Sare kwa kuwa anashona sare za shule, nyumba ya tatu kutoka hapa. Ndiye aliyekuja na ile amplifaya, kaipakia kwenye toroli, nami nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Fundi:

— Shemeji zangu wanasema humu hakuna mtu tena. — Akajigusa kichwa. — Jumamosi wanakuja kumchukua, wampeleke kwao akakae tu. Mimi nasema yumo. Nataka asikie chombo chake kabla hawajafika.

— Kina nini?

— Sijui. Nilikiwasha, kikanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikakizima.

Fundi akasema akirudi Alhamisi atakishughulikia, akakimbilia gari. Hakumwachia mtu neno la ziada. Hapo ndipo alipokosea.

Jumatatu, kahawa ikiwa ndiyo kwanza inachemka, Spana alitoa kichwa mlangoni.

— Njooni muone kitu.

— Umewasha nini humo? — nikamuuliza.

— Nilikuwa naangalia kama umeme upo.

— Si ungewasha taa.

— Shangazi, njoo uone kwanza, utanigombeza baadaye.

Nikaingia nimeshika birika. Amplifaya yenyewe ni ya zamani, sanduku la mbao lenye spika mbele, na nyuma yake iko wazi. Haina vidude vidogo vya kisasa. Ina valvu, yaani vyupa vya glasi vinavyowaka ndani. Viwili vikubwa vimekaa sambamba. Cha kulia kilikuwa na uzi mdogo tu wa moto katikati. Lakini cha kushoto, jamani, lile bamba lake la ndani lilikuwa jekundu lote, na glasi imejaa mwanga mpaka mikono yetu ikaonekana myekundu. Na spika ilikuwa inanguruma chinichini, mngurumo mzito unaoupata miguuni. Niliweka birika chini. Siwafichi, sikuwa nimewahi kuona chombo kizuri namna ile.

— Ya kushoto ndiyo inayofanya kazi, — Spana alisema kwa sauti ya msikitini. — Hiyo ya kulia imekuja kusindikiza.

— Ya kulia ni ya akiba, — alisema Gazeti. — Nimesoma. Zamani walikuwa wanaweka mbili, moja ikichoka nyingine inaamka.

— Ulisoma wapi?

— Mahali.

Jumanne walifunga dirisha kwa gunia ili wekundu uonekane vizuri. Benchi lilihamishiwa ndani, na mimi na jiko langu tukaburuzwa nyuma yake. Spana alisema wekundu ule ni msuguano tu, sawa na breki ya baiskeli kwenye mteremko mrefu. Gazeti akamwonea huruma.

— Msuguano wa nini na nini, ndugu yangu? Humo hakuna kinachotembea.

— Basi wewe unasemaje?

— Zile ni nyimbo.

— Nyimbo.

— Mtu alikuwa anapiga kila siku. Kaacha ghafla, miezi minane. Zile ambazo angezipiga zimeenda wapi? Zimejazana upande wa kushoto. Zinataka kutoka.

— Na kulia?

— Kulia kulikuwa kwa nyimbo zilizokwisha pigwa. Ndiyo maana pamepoa.

Nilitaka kumcheka, kwa kuwa kumcheka Gazeti ni nusu ya kazi yangu. Nikatazama tena kile chupa, cheko likakwama. Nilimfikiria Mzee Solo amekaa kitini na lile neno lake moja, nikaona kwamba nilikuwa natamani Gazeti awe amesema kweli, angalau mara moja maishani.

Jumatano walivuka mpaka. Spana alisema kama ya kulia ni mvivu, basi ikae kwenye kiti cha mwenzake ijifunze. Akazima, akasubiri zipoe, akazing'oa kwa kitambaa mojamoja, akabadilisha. Tukangoja. Kiti cha kushoto kikawaka vilevile, chekundu, na ile valvu iliyokuwa inang'aa jana yake sasa ikawa imepoa kwenye kiti cha kulia.

— Kumbe ni kiti, — alisema Gazeti, na macho yamemtoka. — Kiti ndicho chenye nguvu. Yeyote atakayekikalia atawaka.

— Hata wewe?

— Hata mimi. Mtu mwingine nguvu zake ni za mahali alipokaa tu. Mtoe hapo, uone.

— Hilo nalo ulilisoma?

— Hilo nimeliona.

Mama Sare alipita akienda kununua uzi, akaingia. Akasimama mbele ya kile chupa, mikono imefunika mdomo.

— Siku zile haikuwa inawaka hivi, — alisema.

— Imefurahi kukuona, mama, — alisema Gazeti.

Akatoa leso, akapangusa vumbi juu ya sanduku lote, mpaka pembeni. Akarudi kwake bila uzi.

Fundi alirudi Alhamisi saa tisa na nusu, begi bado begani. Alifungua mlango, akasikia ule mngurumo, akaona wekundu. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja ukutani akachomoa waya. Giza likatukuta na vikombe mikononi.

— Tangu lini? — akauliza.

— Jumatatu, — Spana alijibu. — Lakini mchana tu. Saa moja moja hivi.

— Mlikuwa mnafanya nini?

— Tulikuwa tunaitazama, — nikasema mimi, maana wanaume wawili walikuwa wanachungulia vikombe vyao.

— Hata wewe, Shangazi?

— Hata mimi.

Akakaa kwenye begi lake.

— Ule si uzuri. Ile ni homa. Lile bamba linaungua. Mmekaa siku nne mnamsifia mgonjwa kwa wekundu wa macho.

Fundi si mtu wa kelele, na angepiga kelele ningepumua. Akatueleza polepole, kama anaongea na sakafu.

— Kila valvu ina umeme mwingi unaotaka kupita, kama watu waliojaa mlangoni kwenye ukumbi wa dansi. Sasa kuna umeme mdogo unaowekwa kuwazuia, waingie kwa kiasi. Huo tunauita bayasi. Ukiwa sawa, watu wanacheza. Ukipungua, wanaingia wote kwa mkupuo na ukumbi unaungua. Upande wa kushoto hauna wa kuzuia mlango.

— Si unaweka valvu nyingine, — alisema Spana.

— Iko wapi?

— Za akiba.

— Hazipo. Hizi mbili ndizo hizo. Mwaka jana nilizitafuta kwa ajili ya mteja mwingine, nikaandika barua mpaka nikachoka. Ikifa moja, chombo hiki ni kabati.

Spana alivua kofia. Ana kipara asichopenda kionekane, kwa hiyo nilijua jambo limemfika.

— Fundi, kuna kosa jingine. Bora nilitoe lote. Jana nilizibadilisha viti.

— Ulifanya nini?

— Ya kushoto nikaiweka kulia, ya kulia kushoto.

Nikaona Fundi anasimama, nikashika mpini wa birika, nikasema leo damu itamwagika dukani. Lakini alikuja mpaka mbele ya Spana akamshika mabega yote mawili.

— Wekundu ukahama?

— Hapana. Ulibaki kushoto.

— Una uhakika? Usinipambie.

— Ukabaki kushoto, Fundi. Gazeti kasema ni nguvu ya kiti.

— Ni kiti, — alisema Gazeti kwa unyonge. — Nilisema tu.

Fundi akacheka, cheko fupi lisilo na raha, akapangusa uso kwa kiganja.

— Ugonjwa ungekuwa wa valvu, ungehama nayo. Umebaki, maana yake uko kwenye waya za chini. Na mateso mmeyagawa, kila moja imeungua kidogo badala ya moja kuungua yote. Pumbavu nyie. Mmenipunguzia kazi ya nusu siku.

Gazeti alijinyoosha kama aliyepewa cheti. Nikamwambia akae.

Fundi akaipindua amplifaya, akasubiri umeme uliojificha humo uishe, maana alisema hata ukichomoa waya kuna unaobaki umelala ndani. Kisha akaiwasha kidogo, akaanza kupima, sindano ya mita mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akautia mfukoni. Hakuutoa hata mara moja. Hata jasho lilipomwingia jichoni aliliacha lishuke.

— Ni heshima, — Gazeti alininong'oneza. — Mbele ya vyombo vya zamani hutumii mikono miwili.

— Labda ana karanga, — Spana akanong'ona upande wa pili.

— Umeme ukiingia mkono huu ukatokea huu, — Fundi alisema bila kugeuka, — njiani unapita moyoni. Mkono ukiwa mfukoni, umeme hauna pa kutokea.

Gazeti akatia mkono mfukoni, akaendelea kunywa kahawa kwa ule mwingine. Alikaa hivyo mpaka jioni, hatua sita kutoka kwenye chombo.

Kilichokuwa kinaumwa ukikiona utakasirika. Kidude cha rangi ya kahawia, hakizidi punje ya harage, kina miguu miwili ya waya. Fundi alikiita kapasita. Kazi yake ni kuupisha mziki uende kwenye valvu na kuuzuia umeme mkali wa nyuma. Kimezeeka, kikawa kinavuja, na umeme uliovuja ndio uliomfukuza yule wa mlangoni.

— Hakikuanza jana, — alisema akikigeuza kwenye mwanga. — Hiki kimevuja miaka. Kidogo kidogo, mpaka kikachoka kabisa.

— Kitu kidogo hivyo? — nikauliza.

— Kitu kidogo hivyo, Shangazi.

Akalehemu kipya. Kisha akachukua bisibisi nyembamba, akaanza kukaza na kulegeza skrubu moja ndogo upande wa kushoto, mita ikisoma. Hamsini na mbili. Arobaini na tisa. Alikuwa anataka thelathini na tano, kila upande. Tulikuwa tunaihesabu kwa midomo bila kutoa sauti, watu wazima watatu, na mteja wa Spana nje anaita baiskeli yake hakuna anayemjibu. Arobaini na moja. Akapumzika, akapangusa bisibisi. Thelathini na sita. Akaigusa tena kwa namna ambayo sikuona mkono ukisogea. Thelathini na tano. Akahamia upande wa pili, nao akauleta hapohapo.

— Zimeni taa.

Tukazima. Wekundu haukuwepo. Kulikuwa na nyuzi mbili ndogo za moto, kushoto na kulia, zimelingana kama macho ya mtu mmoja. Na kimya. Hakuna mngurumo, hakuna hata pumzi.

— Imekufa, — alisema Spana.

— Imewaka.

— Mbona haisemi?

— Pande mbili zimelingana. Kelele ya upande huu inafutwa na ya upande ule. Kinachobaki ni utakachoingiza wewe.

Akachomeka gitaa la Mzee, lililokuja pamoja na chombo, akamwashiria Spana. Spana hajui kupiga gitaa. Alikigusa kiuzi kimoja kwa kidole chenye grisi. Basi sauti ikatoka. Sina namna ya kuisema. Ilitoka nene, ina joto, ikasimama chumbani na kukaa, haikuwa na haraka ya kuondoka, na mimi niliisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Spana alikitazama kidole chake. Nilijifuta macho kwa kanga na nikasema ni moshi wa jiko, na jiko lilikuwa limeshazimika.

Ijumaa saa kumi Mama Sare alimleta Mzee. Fundi alikuwa ametaka kuipeleka amplifaya kwao yeye mwenyewe, lakini alisema isitikiswe kwanza, na Jumamosi ilikuwa kesho yake. Walikuja kwa miguu, nyumba tatu tu, ikawachukua robo saa. Mzee alikuwa amevalishwa koti la dansi, la zamani, limempwaya. Tulimpisha katikati ya benchi.

— Shikamoo, Mzee, — tukasema.

— Kesho.

Fundi aliwasha. Tukangoja zile valvu zipate joto. Mama Sare alimwekea mumewe gitaa mapajani, akauinua ule mkono wa kulia, akauweka juu ya nyuzi. Ukateleza, ukaanguka pembeni. Akauinua tena. Ukaanguka tena. Basi akainama yeye, akapiga uzi mmoja kwa kidole cha kushonea, kile chenye alama za sindano. Ile sauti ya jana ikatoka, nzuri kuliko jana. Ikajaa duka, ikaisha.

Mzee hakugeuka.

— Umesikia? — mkewe aliuliza. — Ni chombo chako. Fundi amekitengeneza.

— Kesho.

— Ndiyo, — alisema Mama Sare. — Sawa. Kesho.

Akapiga tena, na tena. Nyuma yake Gazeti alikuwa ameugeukia ukuta. Spana anakunja kitambaa, anakikunjua. Fundi alishusha sauti taratibu, akanyoosha mkono kutaka kuzima, na wallahi nami niliona ni heri azime, yule mama asiendelee kupiga mbele ya macho yetu.

Mzee akamshika Fundi kiwiko, kwa mkono wa kushoto, ule mzima.

Akajivuta mbele benchini mpaka sikio likagusa kitambaa cha spika. Akakaa hivyo. Gitaa lilikuwa limenyamaza, hakuna aliyeligusa. Alikuwa anasikiliza pale pasipo na kitu. Akagonga sanduku kwa vidole, mara mbili, kama mtu anayebisha mlango wa jirani, akasikiliza tena. Uso wake ukaanza kukunjana, na nikadhani anataka kulia. Alikuwa amekasirika.

— Mngurumo wake mmeupeleka wapi? — akauliza.

Maneno yalitoka mazito, yamepinda upande mmoja, lakini yalitoka yote. Birika lilikuwa mkononi mwangu na nilimimina kahawa juu ya meza ya Fundi, sikujua.

— Mzee, ule mngurumo, — Fundi alianza. Akaangalia valvu zake mbili zilizolingana. — Ule ulikuwa... — Angemwambiaje mtu kwamba alichokipenda miaka yote kilikuwa hitilafu, na kwamba kimeondolewa jana kwa ajili yake.

— Rudia, baba watoto, — alisema Mama Sare. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, na sijui alifika vipi.

— Siongei na wewe. Nawauliza hawa. Mngurumo wake mmeuweka wapi?

Mama Sare alisimama. Alipangusa magoti, akaweka sawa kola ya lile koti la mumewe, kisha akatugeukia sote wanne, mmoja mmoja, kichwa juu.

— Mume wangu yumo, na amewauliza swali, — alisema. — Mjibuni.

Tukabaki kumtazama Mzee, naye akitutazama, anangoja.